Mkandarasi wa kwenye karatasi

Kijana anasambaza mikate Dar es Salaam. Pikipiki ni ya kiwanda, fulana ni ya kiwanda, maduka ya kupitia anapangiwa na msimamizi, na akichelewa alfajiri anakatwa hela. Mkataba aliotia saini unamwita mkandarasi wa kujitegemea. Kwa hiyo hana likizo, hachangiwi NSSF, na siku wakimchoka ataambiwa asirudi. Je, kwa kuwa alisaini, ndiyo basi?

Kwa sheria ya Tanzania, sivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mkataba uwe na sura yoyote, ilimradi kigezo kimoja tu kati ya saba kipo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na huyo mwingine, ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amefanya kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au anamhudumia yeye peke yake. Msambazaji wetu anavyo karibu vyote.

Hicho kigezo cha saa kina mtego. Wengi hukichanganya na saa 45 za kazi kwa wiki, ilhali hapa tunahesabu mwezi mzima. Mpishi anayekuja mara nne kwa wiki na kupika kwa muda wa saa tatu tayari amevuka.

Hata hivyo, dhana hii ya kwamba mtu ni mwajiriwa inaweza kupinduliwa, na mzigo wa kuipindua ni wa anayekana kuwa mwajiri. Mchukulie fundi mwashi. Alitaja bei ya kazi nzima, akaja na mwiko wake na vibarua wake. Akiumwa, anamtuma mwenzake. Ukuta ukipinda, anaubomoa kwa gharama zake, na ukiisha yuko saiti nyingine. Huyo hata akikaa kwako miezi 4, sioni atakavyoitwa mwajiriwa. Mimi huuliza mapema kabisa: kazi ikiharibika, hasara ni ya nani?

Utetezi ninaouona dhaifu kuliko yote ni ule wa kodi: "Tunamkata kodi ya zuio ya asilimia 5, hatumkati PAYE." Hayo ni mahesabu ya mlipaji mwenyewe; katika vigezo saba hayamo.

Aliyeachishwa kazi na anayepinga kuitwa mkandarasi hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Aende na jumbe za WhatsApp za kupangiwa zamu, picha za daftari la mahudhurio na taarifa ya miamala ya simu. Siku hizo zikipita, itabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa, kabla hata ya kuulizwa pikipiki ilikuwa ya nani.