Rubani wa Ndege Ndogo na Somo la Milima

Leseni ya kurusha ndege ndogo haithibitishi kwamba mwenye nayo anaijua milima. Rubani aliyejifunzia Dar es Salaam au Mombasa, karibu na usawa wa bahari, akiruka na ndege ileile kutoka Nairobi huikuta imebadilika tabia: inachelewa kunyanyuka na inapanda kwa uvivu.

Kilichobadilika ni hewa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi. Mbawa hubeba kidogo, propela huvuta kidogo, na injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Joto huzidisha tatizo. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya bahari, lakini mchana wa nyuzi 26 hewa yake huwa nyepesi kama ya mita 2,500 hivi. Mshale wa kipimakasi husoma namba ileile ya siku zote, ilhali ndege inakata hewa kwa kasi iliyozidi hiyo kwa kama asilimia 13. Anayekodolea macho lami badala ya mshale hudhani kasi imetosha, akainua pua mapema. Ndiyo maana somo huanzia mezani, kwenye majedwali ya ndege: urefu wa njia ya kurukia, mzigo, petroli ya kwenda na ya kurudi.

Kisha huja upepo, ambao ndio mwalimu mkali kuliko wote. Unapovuka mlima hupanda upande unakotokea, halafu hushuka na kuvurugika upande wa pili, na mkondo huo wa kushuka unaweza kuzidi uwezo wa ndege ndogo kupanda. Hata ndege kubwa haziko salama: Machi 1966 Boeing 707 ya shirika la Uingereza la BOAC ilivunjika angani karibu na Mlima Fuji, Japani, na watu wote 124 wakafa. Kwa hiyo marubani wengi wa milimani huruka asubuhi mapema, na huahirisha safari upepo wa vileleni ukizidi noti 25.

Ukingo wa mlima haukabiliwi uso kwa uso. Rubani huuendea kwa mshazari wa nyuzi 45, akiwa juu yake kwa mita 300 hadi 600, ili ndege ikianza kuzama kona fupi imtoe kuelekea bondeni. Huku akisogea hutazama nchi iliyo nyuma ya ukingo: ikizidi kuonekana, atapita, ikianza kufichika, anashuka, na hapo hugeuka mara moja bila kusubiri.

Bondeni huruka kandokando ya upande mmoja, wala si katikati, apate nafasi yote ya kugeuka. Kasi ikiongezeka maradufu huku ndege ikilala kwa pembe ileile, nusu kipenyo cha kona huwa mara nne; bonde linapobana, hupunguza mwendo mapema. Bonde linaloinuka haraka kuliko ndege ni mtego wa zamani, na bado unanasa watu.

Viwanja vyenyewe vina masharti yake. Lukla, Nepal, uko mita 2,845 juu ya bahari, una njia ya mita 527 yenye mwinamo wa karibu asilimia 12, na mwishoni kuna mlima. Ndege hutua ikipanda na kuondoka ikiteremka. Akikaribia, rubani hufika mahali ambapo kughairi hakuwezekani tena, na lazima apajue kabla.

Ujuzi mwingine hujengwa pembeni ya huu. Ndege yenye gurudumu la mkia hufaa viwanja vya mawe na nyasi, lakini ikiwa ardhini hupenda kugeuza mkia mbele. Ndege ya majini humsumbua rubani zaidi maji yakiwa shwari kabisa, kwa kuwa hawezi kukadiria kimo chake.

Mafunzo ya milima hayafai kufanywa na rubani akiwa peke yake. Rubani mgeni wa milima huketi na mkufunzi anayeijua njia watakayopita, na kwenye kila kiwanja kigumu hutua naye kwanza, kikiwa kikavu, ndege ikiwa nyepesi na upepo ukiwa umelala.