Kwa Nini Mtoto Hunyamaza Ukisimama

Msomaji mmoja, mama wa mtoto wa miezi miwili, ametuletea swali ambalo wazazi wengi huulizana usiku wa manane: "Dada, nikikaa naye mikononi analia. Nikisimama nikatembea, ananyamaza. Nikigusa kochi tu, anaanza upya. Mama mkwe anasema nimemdekeza, kazoea mikono. Ni kweli?"

Si kweli. Mtoto wa umri huo hana hila. Habari za njaa, nepi iliyolowa na chango naziacha, kwa kuwa bibi yeyote anazijua. Ninachotaka tukitazame ni kile kinachotokea kifuani mwa mtoto sekunde chache baada ya wewe kupiga hatua ya kwanza, maana ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ambayo sayansi imeyaona katika malezi.

Mwaka 2013, Gianluca Esposito, Kumi Kuroda na wenzao wa taasisi ya RIKEN nchini Japani walichapisha utafiti wao katika jarida la Current Biology. Walipima mapigo ya moyo ya watoto 12 wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita, huku mama zao wakibadilisha: mara wamlaze mtoto, mara wampakate wakiwa wamekaa, mara wambebe wakitembea. Mama alipoanza kutembea, mtoto aliacha kulia na kurusharusha miguu, na mapigo ya moyo wake yakashuka ndani ya sekunde kama tatu. Kupakatwa tu hakukuleta matokeo hayo.

Sekunde tatu! Hakuna homoni inayowahi hivyo. Anayefanya kazi hapo ni vagusi, neva ndefu inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni hadi moyoni na tumboni.

Fikiria baiskeli iliyopakiwa magunia ya mkaa ikiteremka mlima. Haihitaji kukanyagwa, ukiiachia, inakimbia yenyewe. Moyo nao ndivyo ulivyo, kwani una sehemu yake inayoanzisha mapigo bila kuamriwa na mtu. Moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zimekatwa, hupiga takriban mara 100 kwa dakika, kasi kuliko moyo wa kawaida wa mtu mzima aliyepumzika. Kwa hiyo ukikaa kitako na moyo wako ukapiga mara 70, jua kwamba breki imeshikwa, na aliyeishika ni vagusi. Baiskeli hiyo ina pedeli pia, nazo ni neva za upande wa pili, zile za hofu na mshtuko. Mtoto anapolia kwa nguvu, breki zimeachiwa na pedeli zinakanyagwa. Mteremkoni, kuacha kukanyaga pekee hakusaidii, kwa sababu mzigo unaendelea kusukuma. Na kemikali za mshtuko huchukua muda kwisha mwilini. Dawa ni kubana breki. Vagusi hubana kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini mahali palepale mapigo yanapoanzia. Milango ya potasiamu kwenye seli inafunguka, na pigo linalofuata linachelewa. Kisha kimeng'enya kinaivunjavunja asetilikolini hiyo upesi, na breki inakuwa huru tena. Ndiyo maana breki hii hushika haraka na kuachia haraka. Ukikaa, mwendo unakatika, mkono unalegea kwenye breki, na mlima bado haujaisha. Mwanao hajakukomoa, baiskeli imeanza tu kuteremka tena.

Itikio hili nitaliita mtulio wa kubebwa. Neno utulivu halikunitosha, kwa sababu utulivu ni hali inayodumu, na hiki ni kitendo cha mara moja, kama mshtuko au mwamko. Tukiita "itikio la kusafirishwa" tutakuwa tumemfanya mtoto gunia.

Mtulio huu umewahi kuuona uani. Paka anapohamisha watoto wake, humng'ata mmojammoja kwa ngozi ya shingo, na yule mdogo hulegea palepale: miguu ya nyuma imekunjwa, mkia umejikunja tumboni, kimya. Vitoto vya panya hufanya vivyo hivyo, na kwa vitoto hivyo watafiti wale wa RIKEN waliweza kuona mitambo ya ndani. Walipozuia hisi ya ngozi ya shingo au ile ya misuli na viungo, inayoujulisha ubongo kwamba mwili umeinuliwa, vitoto vilipapatika. Serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni, ndiyo iliyoshughulikia kujikunja. Vagusi na wenzake walishughulikia moyo. Na pale kitoto kilipokosa kutulia, mama panya alichukua muda mrefu zaidi kukiokoa. Hapo ndipo faida yake inapoonekana. Mama anayekimbia hatari hawezi kumudu mtoto anayefurukuta, na mtoto aliyetulia amerahisisha kuokolewa kwake mwenyewe.

Mwaka 2022 kundi la Kuroda lilirudi na watoto 21, likitafuta jibu la kuwasaidia wazazi. Kumbeba mtoto anayelia na kutembea naye dakika 5 mfululizo kuliwanyamazisha wote, na karibu nusu yao walilala, tena mchana. Kitanda kilichosukumwa mbele na nyuma kilisaidia pia. Kukaa naye bila mwendo hakukusaidia. Kisha wakaona jambo ambalo kila mzazi analiogopa: takriban theluthi moja ya waliolala waliamka walipolazwa. Mapigo yao yalibadilika tangu mwili wa mtoto ulipoanza kuachana na mwili wa mama, kabla hata mgongo haujagusa godoro. Wale waliokuwa wamelala muda mrefu kidogo kabla ya kulazwa hawakuamka kwa urahisi. Hivyo watafiti wanashauri: tembea naye dakika 5, akisinzia kaa naye dakika 5 hadi 8, ndipo umlaze, chali. Tembea kwa mwendo ulio sawa. Kumtikisa mtoto kwa nguvu ni marufuku. Na akiwa na homa au akikataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya.

Je, atazoea mikono? Mwaka 1986, Urs Hunziker na Ronald Barr wa Montreal, Kanada, walichapisha utafiti wa mama 99. Waliombwa baadhi yao wabebe watoto zaidi, hata wasipolia. Kufikia wiki ya sita, watoto hao walilia kwa muda pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Kubebwa kulipunguza kilio, hakukukizidisha.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba hujamharibu mtoto, na umkumbushe kwamba yeye mwenyewe alimlea mumeo kwa mbeleko. Kisha mwite huyo mume. Vile vitoto vya panya vilitulia hata vilipoinuliwa kwa vidole vya mtafiti, kwa kuwa mtulio unatokana na kushikwa na kuinuliwa, wala hauchagui jinsia ya mbebaji. Mama aliyejifungua juzi hapaswi kutembea peke yake usiku kucha. Akina baba, jifunzeni kufunga mbeleko, na zamu ya usiku huu iwe yenu.