Vi, Vim na Watoto wa Kibaale

Mwanafunzi wa Tukuyu anayejifunza kazi ya kompyuta, akiandika amri ya vi ili ahariri faili, hudhani kwamba jina likiwa moja basi na kitu chenyewe ni kimoja. Kumbe katika mfumo wa Ubuntu hupewa Vim iliyopunguzwa, na katika mfumo wa FreeBSD hupewa nvi, na vidole vilevile vikapata majibu mbalimbali.

Asili ya vihariri hivyo vyote ni vi alichokitunga Bill Joy huko Berkeley, Marekani, mwaka 1976, akitumia mtambo wa ADM-3A, ambao mishale yake ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l. Ndiyo sababu hata leo herufi hizo husogeza kishale.

Tofauti iliyo nzito kuliko zote, kwa rai yangu, ni ya kutangua. Katika vi ya asili, herufi u hutangua badiliko la mwisho tu, na ukiibonyeza tena hulirudisha lile ulilolitangua. Nvi ya Keith Bostic hukubali kurudi nyuma zaidi, lakini kwa kubonyeza nukta baada ya u. Ilhali Vim hurudi hatua baada ya hatua kwa u ileile. Aliyezoea Vim, akiingia katika nvi na kubonyeza u mara mbili, hujikuta palepale alipoanza na akaingiwa na hofu, jambo ambalo walimu wangefanya hisani kubwa kulieleza tangu siku ya kwanza.

Vim aliitoa Mholanzi Bram Moolenaar mwaka 1991, kwa kompyuta ya Amiga. Mwaka 1994 alijitolea kufanya kazi Kibaale, wilayani Rakai, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wetu wa Tanzania, ambako UKIMWI uliacha mayatima wengi. Na programu yake, aliyoitoa bure, akaitia ombi kwamba anayenufaika nayo awakumbuke watoto wale kwa sadaka. Sijui programu nyingine iliyoenea dunia nzima hali imebeba jina la kijiji cha kanda yetu namna hii. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023.

Habari za Kibaale husomeka ndani ya Vim kwa amri ya :help uganda, lakini Vim iliyopunguzwa haina kurasa za maelezo, wala haipambi matini kwa rangi. Basi mwanafunzi wetu wa Tukuyu mwenye Ubuntu na aandike sudo apt install vim, apate kihariri kamili pamoja na vimtutor, somo la takriban nusu saa.