Ujasiri wa Kushuhudia (3): Kuhubiri mbele ya wanaokujua

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulikaa kwenye sura ya nne ya Matendo ya Mitume. Petro na Yohana, baada ya kutishwa na wakuu wa baraza, walirudi kwa wenzao wakaomba wapewe ujasiri. Hawakuomba vitisho viondolewe. Leo tulilete jambo hilo Nyambureti, wilayani Serengeti, ambako hofu ina sura nyingine kabisa.

Nyambureti hakuna askari anayemkamata mtu kwa kumtaja Yesu. Kinachomziba Mkristo mdomo ni kwamba watu wanamjua. Wanajua mahari ambayo hakuimaliza, mpaka wa shamba aliousogeza, na maneno aliyoyatoa siku aliyolewa msibani. Mhubiri anayefika sokoni Mugumu na spika zake namheshimu, lakini keshokutwa anapanda basi kurudi Mwanza, na katika umati ule hakuna anayemdai. Mkristo wa kijijini anamshuhudia jirani atakayekutana naye kesho kisimani, na huenda jirani huyo ndiye anayemdai.

Mkoa wa Mara una historia yake katika jambo hili. Wamenonaiti wa kutoka Marekani, wakiongozwa na Elam Stauffer, walifungua kituo chao cha kwanza Shirati mwaka 1934. Kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda kama kazi za misheni zilivyokwenda kwingine: shule, zahanati, madarasa ya ubatizo. Waumini waliongezeka, lakini wengi walikuwa na maisha mawili, moja la Jumapili na lingine la siku nyingine. Mwaka 1942 mwamko ukaingia Shirati. Ulikuwa tawi la uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, na Uganda, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana kilimani Namirembe mwaka 1929 na kuomba pamoja. Watu walisimama kanisani wakalia, wakataja dhambi zao kwa majina yake: wizi, uzinzi, chuki ya kabila kwa kabila. Wamisionari nao hawakubaki watazamaji. Mzungu aliyezoea kufundisha toba alijikuta anatubu kiburi chake mbele ya watu aliowafundisha.

Mmoja wa walioguswa na mwamko ule ni Zedekia Kisare, Mluo wa Shirati, ambaye mwaka 1967 alikuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Akaliongoza kanisa lenye Waluo, Wakurya, Wajita, Wazanaki na wengineo, watu ambao babu zao walijuana zaidi kwa mikuki kuliko kwa salamu.

Nadhani hapa ndipo siri ya ujasiri wa wale ndugu ilipo. Hawakuanza kwa kumwambia jirani, “Wewe ni mwenye dhambi.” Walianza na zao. Aliyekwisha kutoboa siri yake mwenyewe hana kitu ambacho jirani anaweza kumtishia nacho. Kumwambia “Sisi tunakujua” hakumnyamazishi tena. Atajibu kwamba ni kweli, na zaidi ya hayo unayoyajua.

Wala mambo hayakuishia kanisani. Toba ya uamsho ilidai malipo. Chukua mfano wa mtu aliyekaa na jembe la mwenzake tangu msimu wa palizi uliopita, akidai halijui. Anaamka alfajiri, anafika kwenye mji wa jirani, anakohoa nje kidogo, anabisha hodi. Mzee anatoka akiwa na blanketi begani. “Mzee, lile jembe lako nililichukua mimi. Nimelirudisha, na kuku huyu ni wa muda niliolitumia. Bwana amenisema.” Mzee ananyamaza, anaangalia mpini. Kisha anauliza, “Bwana gani huyo?” Na hapo mahubiri yameanza, tena yameombwa na msikilizaji mwenyewe. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu, hausemi tofauti: unamtaka Mkristo awe tayari kumjibu amwulizaye, kwa upole. Tatizo letu wengi ni kwamba tumejiandaa kwa majibu, na hakuna anayetuuliza.

Kwa Mkurya kukiri hadharani si jambo geni. Iritongo, mkutano wa ukoo, umezoea kumtaja mwizi wa ng’ombe mbele ya watu wote. Tofauti ni kwamba kwenye iritongo mtu hutajwa na wengine, akitetemeka. Kwenye ushirika wa walokole, yaani watu wa uamsho ule, hujitaja mwenyewe, halafu watu wanamwimbia wimbo wa Tukutendereza kwa Kiganda ambacho wengi wao hawakijui.

Desturi hiyo nayo ina walioiharibu. Wapo waliokiri dhambi za jirani pamoja na zao, wakavunja ndoa za watu kwa jina la kutembea nuruni. Wapo pia waliojifunza kulia kwa zamu. Ushuhuda unaomwaibisha asiyekuwepo ni umbea.

Kuna mahali ambapo kukiri dhambi zako tu hakutoshi. Msimu wa ukeketaji, hasa Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, wazazi Wakristo wa Tarime na Serengeti hujikuta kati ya wazee wa ukoo na binti yao. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haikai sebuleni usiku shangazi wanapokuja kuuliza mtoto ataingia lini. Rhobi Samwelly, aliyekeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe, aliongoza Nyumba Salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, kisha akaanzisha shirika la Hope for Girls and Women Tanzania. Kwa Wakatoliki, kituo cha Masanga, Tarime, kimewapokea wasichana wanaokimbia kisu. Baba anayesema “binti yangu haendi” mbele ya ndugu zake ametoa ushuhuda mzito kuliko mahubiri ya mwaka mzima, na gharama yake ataiona kwenye msiba wake, atakapohesabu waliokuja na waliokataa.

Mzigo wa mama ni mzito zaidi, kwa kuwa mara nyingi ndiye aliyeokoka peke yake nyumbani, na mwenye kauli ya mwisho ni mume. Anashuhudiaje kwa mtu anayemkosoa chumvi ya mboga kila jioni? Hilo tutalichukua wiki ijayo.