Tani, Gramu na Chembe ya Chumvi

Haba na haba, walinena wahenga, hujaza kibaba. Je, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza kibaba chenyewe ni kilo ngapi? Vibaba vinne ni pishi moja, lakini kibaba, pishi na hata gorogoro letu la hapa Sio Port hupima nafasi, si uzani. Gorogoro la mahindi huwa kama kilo 2. Sasa chukua mkebe uo huo, ujaze omena waliokauka, kisha uweke kwenye mizani uone maajabu! Ndiyo maana nimeshika kalamu nieleze vipimo vya metriki vya uzani, hasa vile vikubwa mno na vidogo mno, manake hapo ndipo wengi huteleza.

Anzia kwenye gramu. Ukipanda, kila ngazi ni mara 1,000: kilogramu, megagramu (ndiyo hii tunayoiita tani), gigagramu, teragramu, petagramu, eksagramu. Ukishuka, kila ngazi unagawa kwa 1,000: miligramu, maikrogramu, nanogramu, pikogramu. Zile hekto, deka, desi na senti tulizokariri shule ya msingi huruka kwa kumi kumi tu, nazo ndizo huwavuruga watu. Kusema kweli sijamsikia mtu akiitisha hektogramu ya nyama buchani.

Sisi wanachama wa Kiswahili tunajua habari ya viambishi. Wingi wa kiti ni viti, si vikiti. Basi hata hapa neno hubeba kiambishi kimoja tu. Sehemu ya elfu ya kilogramu haiitwi milikilogramu, ni gramu, kwa kuwa "kilo" tayari imeshakalia nafasi. Kwa hivyo ukitaka kubadilisha kipimo chochote, kirudishe kwanza kwenye gramu, halafu upande au ushuke. Na ukienda kwenye kipimo kidogo, idadi yako lazima iwe kubwa zaidi. Ikipungua, rudi nyuma.

Nukta nayo si pambo. Mizani ya umeme kule ufuoni ikionyesha 2.500, samaki ni kilo 2 na gramu 500. Ikionyesha 2.050, ni kilo 2 na gramu 50. Mnunuzi akiandika 2.05 mahali pa 2.5, gramu 450 zimepotea. Tuseme mbuta ni shilingi 400 kwa kilo: mama huyo amepunjwa shilingi 180 kwa samaki mmoja, na pengine hana habari.

Tupande sasa. Malori yanayopiga foleni Malaba na Busia, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2016 inayaruhusu kufikia tani 56 pamoja na mzigo. Hizo ni kilo 56,000, au gramu 56,000,000. Kitu kidogo! Tazama ziwa letu. Ziwa Viktoria lina maji yapatayo kilomita 2,700 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani 1, na kilomita moja ya ujazo ina mita za ujazo 1,000,000,000. Kwa hivyo maji hayo ni tani 2,700,000,000,000. Kila tani ina gramu milioni moja, basi ongeza sufuri sita nyingine. Badala ya kuchosha kalamu, unasema eksagramu 2.7 na mambo yamekwisha.

Tushuke hadi jikoni. Chumvi yetu hutiwa madini ya aidini yanayozuia uvimbe wa shingo, tezi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate maikrogramu 150 kwa siku. Je, gramu 1 ya aidini ingemtosha kwa muda gani? Gramu 1 ni maikrogramu 1,000,000. Gawa kwa 150 upate siku 6,666, yaani zaidi ya miaka 18. Mimi mwenyewe sijafikisha umri huo! Na tani 1 je? Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.5. Tukimpa kila mmoja, hata mtoto, kiasi cha mtu mzima, tani hiyo moja ingewatosha wote kama siku 140. Lori moja lingeweza kuibeba na kubaki na nafasi tele.

Lakini penye hatari hasa ni dawani. Tembe ya kawaida ya parasetamoli ina miligramu 500, ambazo ni nusu gramu. Sasa iko dawa ya moyo iitwayo digoksini ambayo tembe yake moja huwa na maikrogramu 250, yaani miligramu 0.25. Mtu akiandika "miligramu 250" kwa kukosea kiambishi, ameitisha tembe 1,000 kwa mkupuo! Kosa la neno moja dogo ni kosa la mara elfu, na mgonjwa hapati nafasi ya kusahihisha kama sisi kwenye daftari. Ile alama ya Kigiriki ya maikro, µ, ikiandikwa kwa haraka hufanana na m. Kwa sababu hiyo wahudumu wa afya hushauriwa waandike mcg, au waliandike neno lote, maikrogramu, herufi kwa herufi.