Mtaji Wenye Tarehe ya Kuondoka

Mfuko wa mtaji binafsi haukopeshi, unanunua. Ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wenye biashara wanaonijia hapa Olasiti, Arusha, wakiwa wamesikia kwamba kuna wawekezaji wanaozunguka na fedha wakitafuta pa kuziweka. Mkopo una riba na una mwisho: ukimaliza marejesho, benki inakurudishia hati yako na biashara inabaki yako yote. Mwenye mfuko anataka kipande cha biashara yenyewe. Anataka kiti kwenye bodi, kauli katika uteuzi wa mhasibu, na haki ya kukiuza kipande chake kwa mtu mwingine wakati ukifika.

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu. Wateja wangu ni maduka ya vifaa vya ujenzi, mashine za kukoboa na kusaga, depo za soda, na wafugaji wachache wanaopeleka maziwa mjini. Tangu barabara ya mchepuo ipite upande wetu, na hasa tangu ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 uanze kwa jirani zetu wa Olmoti, Olasiti imepata wageni ambao zamani wangeishia Njiro au katikati ya mji. Wengi wanataka viwanja. Wachache wanataka biashara, na hao wachache ndio wanaonikosesha usingizi, kwa sababu watu wangu wanajua bei ya kiwanja lakini hawajui bei ya biashara zao.

Fedha za mfuko si za yule anayekuja kukagua ghala lako. Zimekusanywa kutoka mifuko ya pensheni, kwa matajiri, na kwa taasisi za maendeleo kama IFC ya Benki ya Dunia, Norfund ya Norway au BII ya Uingereza, ile iliyoitwa CDC hadi 2022. Meneja amekabidhiwa azitumie na kuzirudisha zikiwa zimezaa, kwa kawaida ndani ya miaka 10. Kwa desturi ya kazi hiyo hulipwa karibu asilimia 2 ya fedha hizo kila mwaka kwa kuzisimamia, na faida ikipatikana huchukua karibu asilimia 20 ya faida hiyo. Ukitoa miaka ya kutafuta pa kununua na muda wa kutafuta wa kumuuzia, inabaki kama minne hadi saba ya kukaa ndani ya kampuni yako. Siku anapotia saini ya kuingia, tayari ameshapiga hesabu ya siku ya kutoka. Sioni ubaya hapo. Ameahidiana hivyo na waliompa fedha. Lakini mfanyabiashara anayedhani amempata mwenza wa kuzeeka naye amekosea mtu.

Ili kipande kile kiuzwe ghali kuliko kilivyonunuliwa, biashara lazima ikue, au angalau hesabu zake zisomeke. Ndiyo maana mfuko ukiingia kwenye biashara ya kizamani huanza na mfumo. Stoo isomwe kwenye kompyuta, mauzo ya kila tawi yaonekane jioni ileile, malipo yapite kwenye lipa namba badala ya droo. Watu huona kompyuta kama mapambo ya mwekezaji. Mimi naona ndiyo sehemu kubwa ya kile anachokinunua, na hapo ndipo mwenyeji anapopunjwa.

Mteja wangu mmoja ni mama mwenye mashine ya mahindi. Kwa miaka mingi aliendesha kazi kwa madaftari mawili, moja la madeni na jingine la magunia yanayoingia. Fedha ya sembe, ya pumba na ya ada za watoto zilikaa mkoba mmoja. Dalali akamletea habari za mwekezaji: shilingi milioni 80 kwa asilimia 51. Alipofika kwangu alikuwa ameshaona rangi ya lori la kubebea unga. Nikamwamkia, nikamwambia, “Mama, tukae kwanza tuhesabu.”

Tulianzia kwenye simu yake, kwenye ujumbe wa LUKU. Mashine ya kukoboa hula umeme kwa kipimo kinachojulikana, kwa hiyo uniti alizonunua zilitusimulia ni magunia mangapi yamepita kwenye mashine, pamoja na yale ambayo daftari halikuyataja. Tukaweka pembeni taarifa za M-Pesa, risiti za EFD, na madeni aliyoyakumbuka kwa majina. Baada ya kutoa umeme, mishahara, vipuri, kodi, na mshahara wake mwenyewe ambao hakuwahi kuuhesabu, faida ya mwaka ilikaribia milioni 60. Wanunuzi wa biashara huizidisha faida ya mwaka mara kadhaa kupata bei. Tuseme mara nne tu: biashara nzima inakuwa milioni 240, na asilimia 51 yake ni zaidi ya milioni 122. Alikuwa anaelekea kuacha mezani milioni 42, na juu yake kumpa mgeni kura ya kuamua kila kitu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya huyu mama ilikuwa iende vivyo hivyo, tena kwa mkataba halali.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo dalali hakuligusa. Alichosajili mama BRELA ni jina la biashara, na jina la biashara halina hisa. Huwezi kuuza asilimia 51 ya kitu ambacho hakijagawanywa. Inabidi kwanza iundwe kampuni, mashine na mkataba wa pango vihamie kwenye kampuni hiyo, ndipo mazungumzo ya hisa yawe na maana. Tena mifuko yenyewe haiji kwa shilingi milioni 80. Gharama za mawakili na wakaguzi peke yake zingekula faida yote, ndiyo sababu mingi hutafuta kampuni za kuweka mamilioni ya dola. Haja ya mama ilikuwa mashine ya pili, na kwa haja hiyo zipo njia za karibu: EFTA, yenye asili yake Moshi, hukopesha mashine ambayo yenyewe ndiyo dhamana, bila kugusa hati ya nyumba.

Mtaji wa nje, hata hivyo, si adui, na ukikosekana huua. Watu wa Meru walikuwa na benki yao, Meru Community Bank. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu iliifutia leseni pamoja na nyingine nne, Efatha, Covenant, ya Njombe na ile ya wakulima wa Kagera, kwa kuwa mitaji yao ilikuwa pungufu. Kwetu iliuma.

Sasa vuka mpaka hadi Murang'a, Kenya, milima mingine ya kahawa na chai. Mwaka 1984 Peter Munga na wenzake walianzisha Equity kama chama cha kukopesha fedha za kujengea nyumba. Kufikia 1993 hesabu zake zilionyesha kwamba kimefilisika, na leja zake ziliandikwa kwa mkono kama za kwetu. Akaletwa James Mwangi kukinusuru. Wakahangaikia wateja wadogo kwanza, na mnamo 2000 kumbukumbu zikaanza kuhamia kwenye kompyuta. Mwaka 2003 mfuko wa AfriCap ukanunua hisa. Mwisho wa 2004 Equity ikawa benki kamili, 2006 ikaingia soko la hisa la Nairobi, na 2007 ndipo Helios Investment Partners ya London ilipoleta karibu shilingi bilioni 11 za Kenya kwa takriban robo ya benki. Helios ilikamilisha kuuza hisa zake kufikia 2015. Equity ilibaki pale ilipo, na ilikuwa imeshafungua milango Tanzania tangu 2012.

Mfuatano huo nauthamini kuliko ukubwa wa fedha. Waliokuwa ndani ndio waliosafisha leja, na fedha kubwa ikaikuta nyumba ina taa. Robo ya benki ilipata bei ile kwa sababu mtu wa London aliweza kusoma, mteja kwa mteja, nani ameweka na nani amerejesha. Kama daftari lingekuwa lilelile la 1993, angenunua kwa bei ya mashaka.

Helios haohao walifika Arusha. Off Grid Electric ilianzia mji huu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikiuza mwanga kwa nyumba zilizokuwa zikinunua mafuta ya taa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kichupa kwa kichupa. Mteja alifungiwa paneli, betri na taa, akalipa kidogokidogo kwa simu, na asipolipa mfumo ukazima wenyewe. Januari 2018 kampuni ilipata dola milioni 55 katika awamu iliyoongozwa na Helios, na mwaka huohuo ikajiita Zola Electric. Ukiitazama kwa jicho la mtunza vitabu, iligeuza biashara ya mafuta ya taa kuwa kumbukumbu: kila paa ni akaunti, kila malipo yana saa na tarehe. Mangi aliuza mwanga miaka yote hiyo na hakuwa na orodha ya wateja wake.

Kasi ya fedha nayo ina hatari yake. Wasoko, iliyowapelekea wenye maduka bidhaa dukani kwa oda ya simu, Tanzania ikiwemo, ilipata dola milioni 125 mwaka 2022. Mwaka 2024 iliungana na MaxAB ya Misri baada ya kujipunguza. Copia ya Kenya, iliyouzia vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Bei za chini na usafiri wa bure vililipiwa na wawekezaji. Riba ilipopanda Marekani na fedha zikawa adimu, malipo hayo yalikosa mwenyewe. Na mmiliki hubadilika hata kampuni ikiwa nzima. Java House, mgahawa ulioanza Nairobi 1999, ulichukuliwa na mfuko wa ECP mwaka 2012, ukauzwa kwa Abraaj ya Dubai 2017, na Abraaj ilipoanguka mwaka uliofuata ukaishia mikononi mwa Actis.

Kwa hiyo mteja akiniletea mkataba, natafuta vifungu vichache kabla sijaangalia kiasi cha fedha. Mwekezaji akitaka kuondoka, je, mwenyeji atapewa nafasi ya kwanza ya kununua, na kwa bei itakayokadiriwa na nani? Mambo gani hayawezi kuamuliwa bila kura yake? Akaunti ya mfumo imesajiliwa kwa jina la nani? Nimeona duka ambalo kijana aliyefunga programu aliisajili kwa barua pepe yake. Alipohama mji, mauzo yote ya nyuma yalihama naye. Kumbukumbu ziwe mali ya kampuni, nakala ikae kwa mwenyeji, na mwekezaji akitoka asiende na orodha ya wateja. Zaidi ya hayo, majina na namba za simu za wadaiwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo si bidhaa ya kugawa.

Mama wa mashine ana kampuni sasa. Sembe ina lipa namba yake, pumba ina yake, na mshahara wake unaandikwa kila mwezi kama wa mfanyakazi mwingine yeyote. Daftari la madeni amelihifadhi, kwa sababu wateja wake wengi bado wanakopa kwa neno, ila kila Jumamosi binti yake analihamishia kwenye simu. Dalali amerudi na bei mpya. Safari hii yeye ndiye aliyetakiwa kusubiri, hadi wakili amalize kusoma.