Kukosa usingizi, mtihani mgumu kwa anayeacha pombe

MTU anapotangaza kwamba ameacha pombe, jamaa na majirani humpongeza na kumwombea heri. Ni wachache mno ambao humuuliza swali moja lenye uzito: je, usiku analala?

Kwa wengi waliokuwa wakinywa kila siku, majuma ya kwanza bila kileo huwa ya kugaagaa kitandani, kuhesabu saa na kumsikia jogoo wa kwanza akiwika kabla hawajapata hata lepe la usingizi.

Ni katika saa hizo za usiku wa manane ambapo azma ya mchana huyeyuka. Anayekesha hukumbuka kwamba chupa mbili tu zingemlaza fofofo, na kabla ya mwezi kuandama amerudi kilabuni.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Pombe na Dawa za Kulevya (NACADA) ulionyesha kwamba Wakenya wapatao milioni 3.2 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia pombe. Zaidi ya milioni 1.3 miongoni mwao, yaani takriban mtu mmoja katika kila watu 20 wa umri huo, walikuwa na matatizo yanayotokana na matumizi hayo.

Uhusiano baina ya kukesha na kurejelea ulevi umechunguzwa. Mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wagonjwa 172 waliokuwa wakitibiwa uraibu wa pombe. Asilimia 61 kati yao walikuwa na tatizo la usingizi.

Miongoni mwa wale waliofuatiliwa baada ya matibabu, asilimia 60 ya waliokuwa na tatizo hilo walirejelea pombe, ikilinganishwa na asilimia 30 ya wale waliokuwa wakilala vyema. Kwa hivyo, anayemsaidia mlevi aliyeacha kupata usingizi anamsaidia kulinda uamuzi wake.

Kwa nini usingizi hutoroka

Waswahili husema kwamba mazoea yana taabu, na ubongo nao una mazoea yake. Ndani yake mna kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kuutuliza, na nyingine iitwayo glutamati, ambayo huuamsha. Ni mfano wa breki na kichapuzi katika gari.

Pombe huongeza nguvu ya breki na kupunguza ile ya kichapuzi. Ndiyo maana mnywaji hulegea na kusinzia. Lakini anapokunywa kila siku kwa miezi na miaka, ubongo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi licha ya kileo: hulegeza breki zake wenyewe na kukaza kichapuzi.

Pombe inapoondolewa ghafla, marekebisho hayo hubaki. Ubongo huwa kama matatu inayoteremka mlima breki zikiwa zimekwisha. Moyo hudunda, mikono hutetemeka, jasho hutoka na usingizi hukataa kuja.

Isitoshe, usingizi wa mlevi haukuwa usingizi kamili hata zamani zile alipodhani analala kama gogo. Pombe huharakisha kusinzia na hupunguza ile awamu ya usingizi ambamo mtu huota sana, hasa katika nusu ya kwanza ya usiku. Katika nusu ya pili, kileo kinapopungua mwilini, usingizi hukatikakatika, kibofu hujaa, na mtu hujikuta macho mnamo saa tisa usiku.

Anapoacha kunywa, ubongo hutaka kulipwa deni la ndoto. Ndoto huja kwa wingi, zikiwa wazi na pengine za kutisha. Baadhi ya walioacha huota wanakunywa, wakaamka wakiwa na majuto kana kwamba wamevunja ahadi yao kweli. Ndoto hizo ni za kawaida na si ishara kwamba mtu ameshindwa.

Jambo ambalo huwavunja moyo wengi ni muda. Dalili kali za mwili aghalabu hupungua katika muda wa juma moja hivi. Usingizi huchelewa zaidi: baadhi huupata baada ya majuma machache, wengine baada ya miezi kadhaa, na kuna wale ambao usingizi wao mzito huchukua zaidi ya mwaka kurejea katika hali yake. Asiyeelezwa haya mapema hudhani kwamba mwili wake umeharibika kabisa na kwamba kuacha pombe hakuna faida.

Tahadhari kabla ya yote

Kuna wale ambao hawapaswi kuacha pombe ghafla wakiwa peke yao nyumbani. Nao ni wale wanaokunywa sana kila siku, wanaotetemeka asubuhi hadi wapate kileo, au waliowahi kupatwa na kifafa ama kuweweseka walipojaribu kuacha siku za nyuma.

Kwa watu hawa, dalili huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa kinaweza kuzuka katika muda wa saa 48 za kwanza. Baina ya siku ya pili na ya nne, baadhi hupatwa na hali ya kuchanganyikiwa, kuona au kusikia visivyokuwapo, homa na moyo kwenda mbio. Hali hiyo inaweza kuua.

Kwa bahati mbaya, jamaa wengine huichukulia kuwa ni mashetani au kurogwa, wakamfungia mgonjwa chumbani au kumpeleka kuombewa badala ya kumkimbiza hospitalini. Hospitalini hupewa dawa za kumtuliza kwa vipimo vinavyopunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi huikosa na ambayo huukinga ubongo usidhurike.

Mitego ya usiku

Hatari hiyo ikishapita, anayekesha hukabiliwa na mitego kadhaa.

Wa kwanza ni ushauri wa marafiki wa zamani kwamba 'atoe loki', yaani anywe kidogo ili atulie. Hii ni ile falsafa ya dawa ya moto ni moto. Kweli atasinzia usiku huo, lakini ubongo uliokuwa umeanza kujirekebisha hurudishwa nyuma, na kwa mraibu kidogo hakikawii kuwa kingi.

Mtego wa pili ni vidonge. Wapo wanaonunua dawa za usingizi dukani bila ya cheti cha daktari. Nyingi za dawa hizi hugusa breki zile zile za ubongo zilizoguswa na pombe, kwa hivyo mtu aweza kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Zikichanganywa na pombe, zinaweza kusimamisha pumzi. Wengine humeza dawa za mafua na mzio kwa kuwa zinaleta kusinzia, lakini dawa hizi huacha uzito wa kichwa siku ya pili na mwili huzizoea upesi.

Wa tatu ni vichangamshi. Mtu aliyeacha kilabu hutafuta cha kushika mkononi, na aghalabu huwa ni miraa, muguka, sigara au chai ya rangi kikombe baada ya kikombe. Miraa ina kathinoni, kichangamshi ambacho huondoa usingizi, na nikotini ya sigara nayo huamsha. Kafeini ya chai na kahawa hukaa mwilini kwa muda mrefu: nusu ya ile iliyonywewa saa kumi jioni huenda ingali mwilini saa tatu usiku. Ni heri kikombe cha mwisho kiwe cha adhuhuri.

Kuupanga upya usiku

Mnamo mwaka 2016, Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze kwa tiba ya kubadili fikra na mienendo kabla ya kupewa dawa. Kwa anayekimbia uraibu, pendekezo hili lina maana zaidi. Misingi yake ni myepesi kueleweka, ingawa yataka uvumilivu.

Msingi wa kwanza ni saa ya kuamka. Mtu achague saa moja, tuseme saa kumi na moja na nusu alfajiri, na aamke saa hiyo kila siku, hata Jumapili na hata kama usiku alilala kidogo. Kisha atoke nje apate mwanga wa asubuhi, ambao huiweka sawa saa ya mwili. Akilazimika kulala mchana, isizidi nusu saa, na iwe kabla ya saa tisa alasiri.

Msingi wa pili ni kutolala mapema mno, na hapa ndipo wengi walioacha pombe hukosea. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za baa siku za kazi kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Aliyekuwa akizitumia saa hizo sita baa sasa hana pa kuzipeleka. Ili kuepuka upweke na tamaa, huingia kitandani saa tatu.

Iwapo ataondoka kitandani saa kumi na mbili asubuhi, atakuwa amekaa humo saa tisa. Ikiwa analala saa sita pekee, zile tatu zilizosalia ni za kupigana na mto. Afadhali aingie kitandani saa tano na nusu na kuamka saa kumi na moja na nusu. Usingizi ukishajaza saa hizo sita, aongeze robo saa kila juma.

Hata hivyo, mwenye historia ya kifafa, na dereva au anayefanya kazi ya mitambo, asijipunguzie saa za kitandani bila ushauri wa mtaalamu, kwani kusinzia barabarani huua pia.

Msingi wa tatu ni kukifanya kitanda kuwa mahali pa kulala tu. Akikaa takriban dakika 20 bila usingizi, aondoke, aketi mahali pengine penye mwanga hafifu, na arudi anaposinzia. Anayeishi katika chumba kimoja pamoja na familia anaweza kuketi kwenye kigoda au kiti kando ya kitanda. Muhimu ni kutogaagaa, na pia kutochungulia simu, ambayo mwanga na habari zake humwamsha zaidi.

Saa za jioni nazo zahitaji kazi. Kutembea kwa miguu, kufanya mazoezi kabla ya magharibi, kula chakula cha jioni kwa wakati, mazoezi ya kwaya au mkutano wa wenzake walioacha pombe hujaza pengo lililoachwa na kilabu. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, hukutana humu nchini pia. Mwanachama huweza kumpigia simu mwenzake tamaa inapomzidi.

Mawazo ya madeni na makosa ya zamani hupenda kuvamia gizani. Husaidia kuyaandika kwenye daftari mapema jioni, kila wazo na hatua moja itakayochukuliwa kesho, ili yasisubiri mto.

Nafasi ya mke, mume na jamaa

Asiyelala huwa mkali na mwepesi wa kukasirika, na nyumba iliyotarajia amani baada ya pombe kuondoka huweza kushangaa kuona ugomvi umebaki. Mke au mume anayefahamu kwamba ukali huo ni sehemu ya kupona atamvumilia mwenzake, na hatamwambia kamwe kwamba ni afadhali alipokuwa akinywa.

Iwapo kukosa usingizi kutaendelea zaidi ya mwezi mmoja, ni vyema kumwona daktari. Huenda kuna ugonjwa mwingine uliofichwa na pombe kwa miaka. Anayekoroma kwa kishindo na kukatikiwa na pumzi usingizini anahitaji kupimwa. Anayeandamwa na huzuni, au anayewaza kujitoa uhai, asingoje mwezi kwisha. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Hospitali ya Mathari jijini Nairobi hutibu waraibu, na NACADA ina huduma ya simu ya bure, nambari 1192, ambayo hutoa ushauri nasaha.

Usingizi wa pombe ulikuwa wa kukopa, na riba yake ililipwa kila asubuhi. Ule wa kweli huja polepole, usiku mmoja mzuri ukifuatwa na miwili mibaya, hadi mizuri inapoishinda mibaya kwa idadi. Aliyekesha jana bila kunywa hakupoteza usiku wake, kwa kuwa ubongo wake umepata usiku mmoja zaidi wa kujitengeneza.